Gitaa Lililosema Kinzuani

Moroni, 1999

Dada yangu Hayati,

Salamu nyingi zikufikie hapo Hombo, wewe na watoto. Mgongo unaendeleaje? Shemeji bado anakoroma? Mimi ukiniuliza, katika Wanzuani wote waliobaki Ngazija hakuna mwenye bahati kama mimi. Wenzangu wanafukuzwa kama kuku waliovamia mpunga. Mimi nimestarehe nyumbani kwa mke wangu Djouhara, mkwe ananipakulia mataba ya kisamvu yenye nazi ya kutosha, na juu ya hayo nimekuwa mpiga gitaa. Ndiyo, mimi niliyetolewa kwenye kaswida kwa sauti mbaya!

Ilianza hivi. Tangu visiwa vigombane, na ninyi huko Nzuani mkasema mnajitenga, nilifunga mdomo. Lafudhi yetu unaijua: nikitamka neno moja sokoni, hata mbuzi anajua natoka Mutsamudu. Djouhara akawa ndiye msemaji, mimi natabasamu tu kama bwana harusi. Siku za namna hiyo ni ndefu, dada. Jirani yetu Rachadi akanihurumia. Yeye ni sabena, wale waliorudishwa kutoka Majunga mwaka 1977 baada ya yale mauaji, kwa hiyo anajua maana ya kujifungia ndani. Akaniazima gitaa lake kuukuu na shingo ya chupa aliyoikata na kuisugua mpaka makali yakaisha.

Kitu hiki kina maajabu. Unakivaa kidoleni, unakitelezesha juu ya nyuzi, na sauti inapanda na kushuka kama mtu anayevuta neno. Siku ya kwanza niligandamiza kwa nguvu zangu zote, ikawa mkwaruzo mtupu. Rachadi akaniuliza kama napiga gitaa au nakuna nazi. Akasema niguse tu, uzi usifike kwenye mti. Chupa isimame juu kabisa ya vile vichuma vilivyolala shingoni mwa gitaa, si nyuma yake. Na kidole kingine kilale juu ya nyuzi kuzima makelele. Nikamwuliza kati ya kichuma na kichuma kuna nini. Akanijibu kuna sauti zisizo na majina, nizitafute mwenyewe. Nilizitafuta, dada! Hata kula nikasahau. Djouhara akalalamika kwamba nimemletea mke mwenza wa mbao.

Kwa muda mrefu nilisikika kama mlango usiotiwa mafuta. Mpaka Alhamisi iliyopita, baada ya alasiri, gitaa likaimba. Nilikuwa nautafuta ule wimbo wenu wa kumwingiza bwana harusi nyumbani kwa mkewe, na pale mwishoni wanawake wa Mutsamudu mnapovuta sauti, likavuta vilevile, kama wewe umekaa kidoleni mwangu. Kwa furaha nikafungua dirisha, mjinga mimi, nikarudia kwa nguvu.

Vijana wakasimama barabarani. Mmoja akauliza ni Mnzuani gani anayetuimbia humo ndani. Muda wote nimebana ulimi, halafu gitaa linanitaja! Mkwe wangu, Bi Zaharia, akatoka na mwiko wake, akawauliza nani kati yao aliyeujenga mlango ule, na kama mama zao wanajua waliko. Wakaondoka. Kesho yake wakarudi wengi zaidi, na mawe. Moja likampiga Djouhara begani.

Bi Zaharia hakunipigia kelele. Alikaa karibu nami, akasema mimi bado ni mwanawe, lakini binti anaye mmoja tu. Nilianza kukunja nguo kabla hajamaliza. Djouhara hataki talaka, wala mimi siitaki, na bega linapona. Sasa nimejificha Itsandra, hapa nje kidogo ya Moroni, kwa kina Boina, huyu anayekuletea barua. Yeye anatangulia, mimi nasubiri nafasi katika chombo kitakachofuata.

Nyumba ya mama ni yako, ndiyo desturi yetu. Mwanamume kwetu ana mlango wa mkewe au wa dada yake, wa tatu hana. Naomba huo wako.

Nibusie watoto, na shemeji mwambie nitalala hata karibu na mikoromo yake. Ile bahati niliyojisifia, dada, ni uongo. Nimefukuzwa.

Ndugu yako,
Nassurdine