Kadi ya Ziad

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku ya sitini na moja ya eda. Sitoki, sipaki wanja, sijitii manukato. Kutwa ni mimi, kuta hizi hapa mtaani Ndia Kuu, na kompyuta yangu kongwe.

Leo nimeufungua tena mchezo wetu wa kujenga mji. Nyumba yetu ya mle kaijenga mume wangu Ziad — milango ya nakshi, baraza, madirisha yote. "Juu usipande, sijamaliza," aliniambia. Sikupanda. Wiki ile ile akapata ajali.

Nimejaribu kupanda. Picha inasitasita, fremu kumi na mbili tu kwa sekunde. Mlangoni, nane. Nikikanyaga ngazi picha inaganda, mchezo unajifunga. Mara tano! Nimelia kwa hasira. Huzuni nimeizoea, hasira bado.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempigia simu Chengo, fundi wetu wa kompyuta. Kasema yangu ina kadi ya picha ya zamani, haiwezi kubeba nakshi zote zile. Nizifute, fremu zitapanda. Nifute kazi ya Ziad? Nimemjibu kwa ukali. Maskini, hakukusudia.

Kompyuta ya Ziad iko palepale mezani, nimeifunika leso. Kuifungua siwezi, neno la siri kaenda nalo. Lakini ndani yake mna kadi ya mwaka jana tu, na kadi haina neno la siri.

Shida ni shemeji Jaffar. Keshaandika vitu vyote vya nduguye. Kasema kwa upole, nyuma ya pazia: kisiguswe kitu mpaka mirathi igawanywe, hata kijiko, mama yao ana fungu lake humo. Nikaitikia. Kwa mdomo wangu niliitikia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeichomoa.

Wanaume walikuwa msikitini, mtaa kimya. Chengo kanielekeza kwa simu: zima, toa waya, fungua skrubu mbili, bonyeza kile kikufuli, vuta. Kisha akauliza, "Hiyo kadi ni yako, dada?" Nikasema ni yetu. Akanielekeza kuipachika katika yangu.

Fremu sitini. Sitini! Nikapanda ngazi kama mtu anayepanda kwao.

Juu kuna chumba kimoja. Kitanda cha samadari, mswala umetandikwa, chungu cha mrehani dirishani. Na paka wa manjano, mkia nusu. Ni paka wa Bi Mwanakuu, mavyaa wangu, mamake Ziad. Chumba ni chake.

Mwaka jana Ziad aliniuliza, Mama ahamie kwetu? Nilinuna wiki nzima. Hakuuliza tena. Kumbe alikuwa akijenga, apate kuniuliza tena kwa njia hiyo. Nimekaa mle mpaka alasiri, naona haya hata mbele ya paka.

Jumapili, 10 Agosti

Wamekuja bila kupiga simu, Jaffar na Mama. Jaffar kapata mtu wa kufungua neno la siri. Mama anataka picha na sauti za mwanawe. Kabla ya kuibeba kompyuta, Jaffar kaiwasha aione. Feni zinazunguka, kioo cheusi, maana kadi iko katika yangu. Kajaribu mara tatu. Nimemsikia akisema, "Nayo imekufa."

Nimechungulia. Bi Mwanakuu hakulia. Kaokota leso yangu, akaifunika tena, akanyoosha pembe moja moja. "Basi, Mungu hakupenda. Tupe chai, mwanangu Afaf, twende zetu."

Mwanangu, kaniambia.

Naandika chumbani, nimesingizia natafuta vikombe. Nikinyamaza hakuna atakayejua, Chengo hana wa kumwambia. Nikisema, mimi ndiye mke aliyemwibia maiti, na mamake, na eda haijesha. Jaffar hatasahau. Lakini kadi nikiirudisha kimyakimya, chumba kile Mama hatakiona, wala hatajua mwanawe alimtaka akae naye, na kwamba mimi ndiye niliyekataa.

Nimeiwasha yangu. Inavuma. Jaffar anauliza ni sauti gani hiyo.

Nimeita, "Mama, njoo huku. Njoo peke yako."

Nasikia ndara zake.