Picha Uliyoniambia Niifute

Mwajuma wangu,

Mume wako amenipigia simu. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na leo sina nafasi ya kulia. Anaoa tena. Binti ni wa Kabonga, hajafika hata miaka ishirini. "Iko harusi kidogo tu, bantu kumi, kama ile ya marehemu," akaniambia. "Ile siku ulipigaka foto muzuri sana."

Nilipiga, kweli. Ulipofariki, picha ile uliyopigwa ukicheka ndiyo iliyozunguka kwenye simu za watu wa Rumonge, na kila aliyeiona alisema ulibahatika kupata mume.

Miezi minne sasa. Maji ya ziwa yamefika ukutani kwa mama yako pale Gatete, na chumba tulimokupamba hakikaliki tena. Amehamia kwa dada yake. Wakwe zako wanasema uliteleza kwenye mawe ukifua. Labda. Sikuwepo. Lakini juu ya mawe yale ulikimbia tangu utotoni, ukinicheka mimi mwoga.

Nakumbuka yule mama wa hinna alivyoshangaa ulipomtaka apande hadi juu ya kiwiko. Watu kumi tu, pambo lote hilo la nini? Mimi nilikuwa nimefurahi. Harusi ndogo ndizo ninazozipenda, maana mpiga picha mwanamke anaingia hadi chumbani, anaketi kitandani na bibi harusi. Mama yako alikuwa uani na sufuria ya pilau. Nikainua kamera kujaribu mwanga wa dirishani, nawe wakati huohuo ukavua mtandio ili uoshwe mkono. Alama za vidole vinne na gumba, nyeusi, juu ya kiwiko. Mama wa hinna akainamisha macho, akaanza kuchora. Nikabonyeza bila kukusudia.

"Zaina weye, futa ile. Atabadilika tukiisha oana. Na mama usimwambie."

Nikasema nimefuta. Kisha nikafanya kazi yangu vizuri mno. Nikakuchekesha. Sheikh alipomaliza nikakusogeza ili mkono ule ukae nyuma ya mume wako. Ukaninong'oneza "murakoze", ukinishukuru. Najichukia kwa ustadi ule, Mwajuma. Najichukia kabisa.

Sikuifuta. Sijui kwa nini. Nilikudanganya, halafu nikanyamaza mwaka mzima, nikija kwako kunywa chai na kuangalia mikono mirefu ya magauni yako.

Mume wako nimemjibu kwamba nitafika. Harusi ni Ijumaa. Lakini mimi nakwenda Kabonga leo, Jumanne, na gari la asubuhi la Nyanza-Lac, na kamera naiacha nyumbani. Ile picha nimeichapisha, iko kwenye bahasha. Nitamtafuta binti huyo na wazazi wake, niwaambie mkono huu ni wa nani na aliyeushika ni nani. Wakinifukuza, nitaiacha mlangoni. Naogopa, sikufichi. Siri yako naitoa, na najua ungeninunia wiki nzima.

Ninunie basi. Pumzika, rafiki yangu, Mungu akulaze pema. Ahadi yangu ni hii: nikirudi kutoka Kabonga nitashuka Gatete, nitaketi na mama yako, nami nitamwambia.

Zaina