Aliyekifungua Kitambaa Chekundu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wa uandishi, na tafadhali usinicheke, kwa maana nimesoma hadi chuo na nimekuwa msimamizi wa kiwanda cha uchapaji miaka mingi, lakini sasa moyo umechoka, daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi, na kuna barua moja ninayotaka kumwachia shemeji yangu, mume wa dada yangu, nayo kila nikiiandika inanitoka vurugu tupu.

Shemeji alikuwa fundi wetu wa mashine. Pale kiwandani fundi alipotengeneza mashine alifunga kitambaa chekundu kwenye swichi ili isiwashwe, na aliyefunga ndiye aliyefungua, si mwingine, hata awe bosi. Siku moja alikifunga kwenye mashine ya kukata karatasi akaenda stoo kuchukua spana, nami nilikuwa na kazi ya haraka, nikaona kimya, nikafungua, nikawasha, kumbe mwenzetu tuliyemwita Twiga alikuwa bado anapangusa kisu, vidole vinne vikaenda.

Ripoti niliandika mimi, naikumbuka neno kwa neno: "Fundi alifunga kitambaa na Twiga alikuwa akisafisha kisu naye akakifungua akidhani amemaliza akawasha ndipo akaumia." Wakubwa wakasema aliyefunga ndiye aliyefungua, Shemeji akafukuzwa. Wiki ya kwanza alipinga. Ya pili akaniambia, "Labda nilikifungua mwenyewe, Shemeji, nikapitiwa." Nikanyamaza. Ameamini hivyo miaka ishirini na sita, na hajagusa mashine tena.

Dada ametangulia, na sasa Shemeji ndiye anayeniogesha, ananigeuza kitandani, ananisomea gazeti hili kila Jumamosi akianza na safu yako. Juzi alikuta rasimu yangu ya tisa chini ya mto, akaisoma kwa sauti: "'Alipokifungua hakujua kwamba angemuumiza naye akanyamaza...' Ah, Shemeji! Sentensi ndefu kama foleni ya hospitali. Na huyu aliyefungua ni nani?"

Nikajifanya nimelala. Akacheka, akanifunika shuka.

Mshauri, naogopa. Nikimwambia ataondoka, nami nitakufa peke yangu chumbani humu, na nisipomwambia nitakufa huku amenishika mkono, na hilo naliogopa zaidi. Nirekebishie sentensi zangu.

Msimamizi Mstaafu

*

Mzee wangu, shikamoo. Pole kwa maradhi, lakini usinizungushe. Habari za siku ile nimezielewa zote. Kwangu mimi, nisiyekujua, umeandika "nikafungua, nikawasha". Kwa Shemeji unaandika "alipokifungua". Kalamu yako ni nzima. Inatetemeka ikikaribia jina lako tu.

Unaogopa kufa peke yako. Na yeye je? Umemwacha peke yake miaka ishirini na sita na kosa ambalo hakulifanya, ukamtazama akijilaumu, ukala naye, ukaogeshwa naye. Aibu hiyo huwezi kuipunguza kwa kuirefusha sentensi.

Chukua karatasi safi. Kila tendo lipe sentensi yake na uifunge kwa nukta. Kila tendo lipe mtu wake. Ukijikuta umeandika "yeye" au "naye", futa, mtaje mhusika. Hivi:

Wewe ulifunga kitambaa. Mimi nilikifungua. Mimi niliwasha mashine. Twiga alikatwa vidole. Mimi niliandika ripoti ili nisijulikane. Wewe hukukosea.

Ishia hapo. Usitie "lakini", usitie "kazi ya haraka". Akiuliza kwa nini, mjibu kwa mdomo huku ukimtazama. Nakala moja aipate Twiga, au watoto wake.

Huenda Shemeji akaondoka. Siwezi kukuahidi vingine, na ana haki.

Ila nakuuliza, mzee. Washauri tuko wengi, magazeti ni mengi. Kwa nini umeleta barua yako kwenye ukurasa anaokusomea yeye? Nadhani ulijua. Leo ni Jumamosi, na sauti unayoisikia sasa hivi ni yake. Bila shaka imekatika mara mbili tatu kabla ya kufika hapa.

Usijifanye umelala. Fumbua macho. Amekwisha kukuuliza aliyefungua ni nani. Mjibu.