Gari la Milango Miwili na Ng'ombe Watatu

Jumapili, jioni. Bunda.

Mawingu toka asubuhi na mvua haitaki kushuka. Mgongo wangu unajua hali ya hewa kuliko redio, na leo umeuma tangu naamka. Siku ya mapumziko ndiyo mwili unayakumbuka mawe yote ya wiki.

Juzi Ijumaa nimefanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Nitaliandika hapa mtandaoni kwanza, maana hapa hakuna anayeijua sura yangu.

Nianze na gari. Ni jekundu, la chini, la milango miwili, lile la vijana wa mbio. Limeegeshwa Musoma nyumbani kwa Masatu, mtu wa biashara ya samaki. Dashibodi inasema limeshatembea kilomita laki mbili na themanini na saba elfu. Fundi aliyekuwa pale alicheka: "Hii imeshaendaga Dar na kurudi mara mia, mjomba. Imechoka kuliko wewe."

Hata hivyo nililitaka.

Mimi ni mtu wa Makete. Nilikuja Mara miaka kumi na minne iliyopita nikifuata kazi ya barabara. Kazi ikaisha, nikabaki na nyundo. Napasua mawe kilimani hapa Bunda, nawagongea kokoto watu wanaojenga. Kwetu sijarudi hata mara moja. Nauli siyo sababu. Naona aibu kushuka kwenye basi na begi lile lile nililoondoka nalo.

Kwa hiyo nilijitengenezea picha kichwani. Naingia kijijini na gari jekundu, watu wanatoka nje kabla hawajajua ni nani anaendesha. Najua njia ya kwetu ina mawe ambayo gari lile lingeyafagia kwa tumbo. Kwenye picha yangu niliweka lami.

Masatu hakutaka pesa. Alisema anataka ng'ombe watatu, na anajua ninao.

Hao ng'ombe sasa.

Huku mtoto anafuata ng'ombe. Ukizaa na binti wa watu bila kupeleka mahari, mtoto ni wa babu yake. Mimi niliishi na Perpetua, binti wa Mzee Wambura wa Butiama, miaka saba. Kila mwaka nilisema mwakani. Malaria ilimpanda kichwani, akafariki baada ya siku nne, na mimi sikuwa nimepeleka hata kamba ya ng'ombe. Walimzika uani kwa baba yake, kama binti ambaye hajawahi kuolewa. Mimi nilikaa upande wa wageni. Nililetewa chai kama mgeni.

Binti yetu Neema alikuwa na miaka sita. Alibaki Butiama. Shuleni anaitwa Neema Wambura.

Baada ya msiba mzee aliniambia bila kupandisha sauti: "Ng'ombe watatu, Sanga. Ukileta, mtoto anaitwa jina lako na mama yake anakuwa mke wa mtu hata akiwa kaburini." Nikanunua mtamba mmoja, nikamweka Guta kwa rafiki yangu Magesa, ambaye tulikuwa tunapasua naye mawe kabla hajarudi kwenye kilimo. Maziwa ya Magesa, ndama wangu. Watoto wa Magesa walimwita yule ng'ombe Mgeni, kwa sababu mwenyewe, yaani mimi, ni mgeni huku. Kwa miaka mitano Mgeni akazaa wawili. Watatu wakatimia mwaka huu.

Na mimi, walipotimia, nikaanza kuliwaza gari.

Siwezi kulieleza hilo vizuri. Labda mtu akikaa na deni la namna hii muda mrefu, siku ya kulimaliza inamtisha. Labda ni ujinga tu. Shule niliachia kidato cha pili, mengine nimejifunza kwenye mawe.

Ijumaa sikwenda kilimani, nikaenda Musoma. Sisi wapasua mawe tuna desturi: kabla hujapiga jiwe kwa nguvu, unaligonga kidogo na kusikiliza. Jiwe zima linaitika. Lenye ufa ndani linatoa sauti iliyokufa, na ukilipiga linakuvunjikia mahali usipotaka. Mkono wangu ukafanya hivyo hivyo kwenye gari. Nikagonga boneti, ikaitika. Nikagonga mlango wa kulia, ukaitika. Ubavu wa kushoto, nyuma ya mlango, sauti ikafa.

Puti. Kiganja kizima cha lile lipu la mafundi la kuzibia bati lililobonyea, chini ya rangi nyekundu. Lile gari liliwahi kubingirika au kugongwa vibaya.

Masatu alikuwa ananiangalia. "Kaka, mbona unagonga kama umesimama mlangoni kwa mkwe?"

Wote pale wakacheka. Mimi pia nilicheka. Hakujua amenigusa wapi.

Kisha nikakaa kwenye kiti cha dereva. Kile kiti ni cha chini, kinakumbatia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mgongo ukanyamaza. Nikaendesha mpaka karibu na ziwa na kurudi. Udereva nilijifunzia kwenye tipa za mawe, sijawahi kushika usukani mwepesi vile. Injini ilikuwa na kikohozi, nilikisikia. Masikio yangu hayana ubovu. Nilikisikia na nikakaa kimya, maana ningesema ningelazimika kushuka.

Masatu akasema kuna mwingine anakuja kesho kuliona. Nikitaka alishikilie, nimpe ng'ombe mmoja leo leo, wawili nimalizie wiki ijayo.

Nikampigia Magesa simu. "Mtoe Mgeni, pikapu inakuja."

Magesa akauliza, "Anaenda Butiama?"

"Toa tu, bwana."

"Sanga, huyu ndiyo mama yao."

"Magesa, ng'ombe ni wangu."

Akamtoa.

Ndilo jambo lenyewe. Nimeliandika.

Leo asubuhi nimekwenda Butiama. Nilijiambia naenda kumsalimia mtoto. Nilimkuta Mzee Wambura ametoka kanisani, bado amevaa koti, anakaza waya kwenye geti la zizi. Nikamwamkia, akaitikia bila kuacha waya.

"Mwalimu wake kaniita," akasema. "Mwaka ujao anaingia la saba. Wanataka majina yanyooke kabla hayajaenda kwenye fomu za mtihani. Likishaandikwa, kulibadilisha ni kazi ya mawakili, na wewe na mimi hatuna wakili. Unao wangapi?"

Mdomo wangu ukasema, "Wapo watatu, mzee."

Akaiacha koleo. Akanipa mkono. Miaka yote ananiitaga Sanga, hata msibani aliniita Sanga. Leo akasema, "Basi mkwe, karibu ndani unywe uji."

Nilikunywa ule uji wote. Sijui uliingilia wapi.

Neema amerefuka, ana shingo ya mama yake. Alichukua simu yangu kuangalia picha, kama kawaida yake, akaikuta ya gari. Akaivuta ikawa kubwa.

"Hii ya nani, baba?"

"Kuna mtu anaiuza."

"Ina milango miwili tu." Akaangalia tena. "Ni ya watu wawili. Wewe na nani?"

Hakuwa na ubaya, aliuliza tu. Nikamwambia alete maji.

Nilipotoka pale, kabla hata sijafika barabarani, nimempigia Masatu. Nimemwambia gari silitaki, amrudishe ng'ombe wangu, nauli ya pikapu nitailipa mimi.

"Yule tumeshamla, Sanga," akasema. "Jana, kwenye sendofu ya mpwa wangu anayeolewa. Alikuwa mnene, asante sana. We lete hao wawili uchukue gari yako. Usipoleta, mimi sina cha kukurudishia, makubaliano ni makubaliano. Si ndiyo, kaka?"

Nyuma yake nilisikia watu bado wanacheka, na sufuria zinaoshwa.

Ng'ombe wangu wa mahari ameliwa kwenye sherehe ya binti wa mtu mwingine. Nimekaa kwenye jiwe kando ya barabara mpaka basi la Bunda likapita, na jingine likapita.

Sasa nipo chumbani. Wawili waliobaki, nikiwapeleka Musoma, napata gari bovu na kiti kizuri. Nikiwapeleka Butiama, napata nini sijui. Kwa mzee watatu ni watatu. Tena hapo hatakuwa anaongea na mtu aliyepungukiwa. Atakuwa anaongea na mtu aliyemdanganya akiwa ameshika mkono wake.

Nimewaza kumwambia Magesa aniazime mmoja wa kwake, nimalize kimya kimya. Angenipa, namjua. Lakini ameshaniuliza mara moja kama Mgeni anaenda Butiama, nikamfokea. Sina uso wa kumrudia kwa hilo.

Nitawapeleka wawili Butiama Jumamosi. Nitawasimamisha mbele ya geti, na kabla mzee hajanyoosha mkono nitasema wa tatu ameenda wapi. Nitalitaja gari. Neema akiwepo, asikie. Mzee akisema rudi nao, nitarudi nao. Akisema waache na nenda, nitawaacha na kwenda, na mtoto aandikwe Wambura, na mama yake abaki binti wa kwao.

Ile picha ya gari nimeifuta kwenye simu. Ile ya kichwani bado ipo, siwezi kudanganya. Bado naliona linaingia kijijini kwetu, jekundu, na watu wanatoka nje. Ila leo dereva hana mtu pembeni.

Mvua imeanza, kidogo. Kesho mawe yatakuwa na utelezi, na nitayagonga hivyo hivyo.