Springi Mpya, Kiganja Kilekile

Jumamosi, saa tisa alasiri. Mvua inanyesha hapa Karuba tangu saa nne, na ukungu umefika hadi kwenye madirisha ya shule. Nimekuja darasani peke yangu kwa sababu rezo ya simu inashika huku kilimani tu.

Kamiyo ya Papa, lori letu la mizigo, imeondoka asubuhi kwenda Walikale. Mimi ndiye niliyechagua namna ya kuiinua.

Na nimekosea.

Kamiyo yetu ni nzee kuliko mimi. Inapeleka viazi, maharagwe na jibini, inarudi na mafuta ya mawese. Biashara ni ya Mama, usukani ni wa Papa. Lakini makamiyo makubwa yamechimba barabara mifereji miwili mirefu, na katikati udongo umebaki umeinuka kama mgongo wa ng'ombe. Kamiyo yetu fupi inaukalia mgongo huo kwa tumbo, magurudumu yanazunguka bure. Mara tatu Papa na Mama walilala njiani. Mara ya tatu viazi viliota juu ya kamiyo. Papa akasema ni matairi makubwa, la sivyo tuiuze kama vyuma chakavu.

Matairi makubwa hayaingii bila kuinua kamiyo. Yangesugua bati lililo juu yake. Papa Muhindo, fundi aliyetoka Butembo zamani, alitupa njia mbili: kuweka kipande kinene cha chuma kati ya ekseli na springi, au kuongeza vyuma viwili kwenye springi zenyewe, ambazo vyuma vyake vimepangwa kimoja juu ya kingine kama kurasa za kitabu.

Papa alinigeukia mimi.

"Neema, weye njo unasomaka. Tufanye ya gani?"

"Eh, mwalimu amefika," Papa Muhindo akacheka. "Mimi naweza kwenda kulala."

Sijawahi kuulizwa kitu kikubwa namna ile. Darasani najua majibu na sinyooshi kidole. Niliomba siku nne.

Nilisoma kitabu cha mekanika cha Kifaransa kilichoko parokiani, ukurasa kwa ukurasa, na kamusi pembeni. Kilisema kipande kinene kinaweza kuhama gurudumu likianguka shimoni. Kilisema pia kwamba gari likiinuliwa linapinduka upesi zaidi, na hapo nikaikumbuka kona moja kabla ya kufika Walikale ambapo barabara yote imelala upande wa bonde. Likizo ya Pasaka nilipita pale nao. Kamiyo ilikuwa imekwama, nami nikapima mteremko kwa kipimapembe changu, uzi na nati, kwa kujifurahisha tu. Namba ilikuwa bado kwenye daftari. Nikatengeneza kamiyo ndogo kwa kopo la sadini, nikaijaza maharagwe, nikaiinamisha juu ya ubao. Kwa mzigo wetu wa kawaida, inapita. Inapita kwa shida, lakini inapita.

Nikasema vyuma viwili. Papa akaniwekea mkono kichwani, mbele ya fundi. Siku ile nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Nilipima kila kitu isipokuwa kiganja cha Papa.

Papa hahesabu magunia. Anaingiza kiganja chake kati ya tairi na bati. Kiganja kikikwama, anasema "Imeshiba," na hakuna anayebisha, hata katekista. Leo asubuhi magunia ya kawaida yalipokwisha kupanda, kiganja kiliingia na nafasi ikabaki ya ngumi nzima. Springi mpya ni ngumu, hazikuwa zimebonyea hata kidogo. Ndiyo maana nilizichagua.

"Haishibe bado! Leta ingine!"

Watu walifurahi. Waliokuwa wameambiwa wangoje juma lijalo walikimbia nyumbani kuleta magunia.

"Papa Neema, kamiyo yako imevaa viatu vya talon kama bibi-arusi!" alipiga kelele mama mmoja wa sokoni.

Mzigo ukapanda. Ukapita mbao za pembeni, ukapita paa la kabine. Nilikuwa na chaki mfukoni. Nilikuwa nimeshaelewa: nichore mstari kwenye bati kuonyesha kwamba sasa kamiyo imeshiba kabla kiganja hakijakwama, ikibaki nafasi ya ngumi. Nilimwendea Papa kwa sauti hii yangu ndogo.

"Papa, mukono haipime tena. Springi zimebadilika."

"Nini?"

"Mukono… haipime tena."

"Hii mukono ilianza kupima mbele uzaliwe!"

Wote wakacheka. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na furaha, hajawa na furaha hivyo tangu mwaka jana. Ningeweza kurudia. Daftari lilikuwa mkononi. Nilitazama viatu vyangu.

Mama akapanda juu. Siku zote anakaa kileleni mwa mzigo, upande wa bonde, akiangalia gurudumu. Anagonga bati la kabine mara moja Papa asimame, mara mbili aendelee. Leo alikuwa juu kuliko nilivyowahi kumwona. Nilimsihi aingie kabine.

"Kabine iko na mama wa mutoto muchanga," alisema. "Na mimi nikikala mule, nani atagonga bati?"

Akagonga mara mbili. Wakaenda.

Barabarani karibu na Mushaki, penye ile mifereji miwili, hawakukwama. Jirani aliyetoka huko anasema kamiyo ilipita juu ya ule mgongo kama haiuoni, na watu wakaipigia makofi. Kila mtu njiani ananipongeza.

Nimemwandikia Papa ujumbe: *Punguza magunia kabla ya kona. Watu washuke, Mama pia.* Nimeutuma mara sita. Simu yake iko nje ya rezo tangu saa nne, na mbele yake kuna msitu tu. Nimeutuma tena sasa hivi.

Chaki imelowa mfukoni, imekuwa uji.

Usiku huu watalala njiani. Kesho, tukiwa misani, watafika kwenye kona. Nitasimama kwenye kwaya pamoja na wengine, nifungue mdomo. Sijui kama sauti itatoka.