Chai ya Mama Ochieng

Kwako Akinyi, nyakwara, mjukuu wangu,

Huku Uriri tuko salama. Babu yako anakohoa kidogo, na yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Unaniuliza kama gesi ya mavi ya ng'ombe ni ya kuaminika kuliko mafuta ya taa. Mimi sikuiamini.

Miaka ya tisini, mama yako akiwa bado shuleni, jirani yetu Mama Ochieng alichimbiwa shimo la gesi hiyo. Asubuhi moja nilikuwa nimemaliza kusiriba sakafu ya jikoni kwangu kwa udongo na samadi, akaniita chai. Moto wake ulikuwa wa buluu, hauna moshi hata kidogo. Nikajiambia kuna kitu tunafichwa. Nikainua kikombe, nikanusa. Nikanusa tena.

"Mama Ochieng, hii chai inanuka mavi."

Alileta maji na sabuni, akaninawisha mikono kama mtoto. Nilipoinua kikombe tena, kilinukia majani ya chai tu.

Hiyo gesi bado naichunguza, nisikudanganye. Lakini siku hizi naanza kwa kunusa vidole vyangu.

Nyanya yako anayekuwaza,
Min Atieno