Bastola Mbili za Duka la Jules Street

Mpendwa baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa chetu. Kizulu ulizungumza na ndugu zako, Kiingereza na wateja, lakini mimi uliniita kula kwa Kiswahili ulichojifunzia Morogoro ukiwa mkimbizi, huko ulikomkuta mama. Hata ulipotuleta Johannesburg hukukubali tukiache.

Nakumbuka Jumamosi za duka lako la kuchonga funguo, pale Jules Street, mtaa wa Malvern. Mzee Kasongo, fundi cherehani kutoka Lubumbashi aliyepanga mlango wa pili, aliacha kazi yake akaja kunywa chai, nawe ukatoa kwenye sefu zile bastola mbili za kale. Moja ilitengenezwa na Mwingereza, nyingine na Mmarekani, mahasimu wa enzi hizo. Zote zilifunguka namna moja: unasukuma komeo la juu, mtutu unainama mbele kwenye bawaba, na matundu ya silinda yanabaki wazi mbele ya macho yako. Risasi hazikuwemo, wala hukutaka ziwemo.

"Iko nguvu, hii," Mzee Kasongo alisema, akiipima ya Mwingereza mkononi. "Angalia komeo yake, inakamata chuma huku na huku. Ile yako ni bijou, pambo tu. Ni ya kuvaa kwa arusi."

"Eish, Kasongo, wewe unapenda shoka. Sikiliza hii." Ukaifunga ya Mmarekani karibu na sikio lake, ikalia taratibu, kama kufuli zuri. Mzee akakunja uso ili asicheke.

Mimi ulinipa zote mbili nizishike. Ya Mwingereza ilinichosha mkono. Ya Mmarekani ilikaa kiganjani kana kwamba walinipima kwanza. Ila ulinionyesha komeo lake, jinsi jino lilivyolika kwa uzee. "Hapa imechoka," ulisema. Nikakuuliza mbona hulichongi jino jipya, wewe fundi. Ukasema ukilichonga haitakuwa tena ile ile.

Siku ile ya mwisho ilikuwa asubuhi, duka limefunguliwa sasa hivi. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma nachemsha maji. Mzee Kasongo amesimama kaunta na futi yake shingoni, wewe unaipaka mafuta ile bastola ya Mmarekani. Waliingia vijana wawili, mmoja akanyoosha ufunguo kama anataka achongewe mwingine. Kisha akatoa bunduki.

Nilifika mlangoni ukiwa umeshainua bastola yako. "Phumani!" uliwaambia. Tokeni! Na yule kijana akarudi nyuma, baba. Nilimwona kwa macho yangu. Alirudi nyuma mpaka kisigino kikagusa kizingiti. Lile komeo lililolika likateleza, mtutu ukaanguka mbele, na matundu matupu yakafunguka mbele yake. Akayatazama. Akakupiga risasi.

Hawakuchukua kitu. Mzee Kasongo alivua shati lake akakuziba kifua. Ulinishika mkono ukaniambia, "Mama yako asije hapa." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako ya mwisho.

Msibani, pale nyumbani mtaa wa Observatory, Mzee alikaa kwenye kona akirudia neno moja: "Angelishika ile ingine." Mwishowe nikamjibu vibaya. "Mzee, hata ile ilikuwa tupu!"

"Najua, mwanangu. Lakini kijana asingelijua. Alikuwa anatoka. Uliona mwenyewe."

Niliona.

Polisi walipotuita tuzichukue bastola, Mzee aliomba ile ya Mwingereza awe nayo kama kumbukumbu yako. Mama alimwangalia kwa huruma. "Shemeji, ukiiweka kwako, majambazi watakuja kwako." Afisa naye akamwambia mama kwamba vitu hivi ni adimu, watu wanavikusanya, hasa hii ya Kimarekani. Mama akamwuliza, "Mashine ya kukatia chuma mnayo?"

Zikakatwa zote.

Mama amerudi Morogoro kwa dada yake. Kwenye simu haulizi habari za duka, ananiuliza tu nimekula nini. Mzee Kasongo amehamia Fordsburg, anashona kwenye duka la mtu. Waliokuua hawajakamatwa.

Duka nalifungua mimi. Nimeweka geti la chuma mbele ya kaunta, wateja wananipa funguo zao kupitia kwenye nondo. Jana alikuja mama mmoja mtu mzima, amemfunga mjukuu mgongoni. Akanisalimu, akanisalimu tena, nami nilikuwa bado nakagua vidole vyake vimeshika nini. Akaondoka na ufunguo wake bila kuaga. Wewe ulinilea nimsalimu mtu kabla sijamwuliza shida yake. Siku hizi siwezi, baba. Naanza na mikono, na wengine wanatoka sijawaona uso.

Lala salama huko uliko.

Binti yako